Tangi moja limebadilishwa, mstari mzima umebaki: kisa cha kromiamu ya tatu kwenye aloi ya alumini 2024

Karakana inachovya vipande vya alumini kwenye dawa inayojenga utando wa kuzuia kutu kabla havijapakwa rangi: mabano, paneli na vifuniko vya vifaa vya umeme vya ndege. Kwa miaka mingi imetumia dawa ya manjano, ile yenye kromiamu ya sita, umbo la kromiamu lenye sumu. Sasa mteja anataka vipande visivyopita kwenye kromiamu hiyo. Tangi linaondolewa, linawekwa jipya lenye dawa ya kromiamu ya tatu, umbo lenye madhara madogo zaidi, na sahani za majaribio zinachovywa na kupelekwa kwenye chemba ya ukungu wa chumvi, inayopima uwezo wa kuhimili kutu. Baada ya saa 168, sahani za aloi 6061 zinatoka safi. Za aloi 2024-T3 (T3 ni namna ilivyoimarishwa), zilizochovywa siku hiyohiyo na fundi yuleyule, zimejaa vitobo vyeusi vyenye michirizi myeupe ikishuka chini yake. Uamuzi wa haraka unakuwa mmoja: dawa mpya haifai, turudi kwenye ya zamani.

Kisa hiki si ripoti ya kampuni moja. Kimejengwa kutokana na hitilafu zinazojirudia kila karakana ya aina hii inapofanya mabadiliko haya, na tunakichambua kwa sababu uamuzi huo wa haraka una gharama: unawarudisha watu kwenye sumu bila sababu. Mara nyingi dawa mpya haina kosa lolote. Kosa liko kwenye matangi yaliyoitangulia.

Kwa nini dawa ya manjano iondoke

Kromiamu ya sita inafanana kwa umbo na salfati, kwa hiyo seli za mwili huipokea kupitia njia zilezile zinazopitisha salfati. Ikishaingia ndani hubadilika hatua kwa hatua hadi kuwa ya tatu, na katika kubadilika huko ndiko inakoharibu vinasaba. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka kundi la 1, yaani kisababishi cha saratani ya binadamu kilichothibitishwa, hasa saratani ya mapafu. Kabla ya saratani kuna vidonda vya ngozi, mzio usiokwisha, na kutoboka kwa ukuta wa ndani wa pua, ugonjwa unaojulikana sana kwa mafundi wa matangi ya kromiamu. Kromiamu ya tatu hupenya ukuta wa seli kwa shida sana, na hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Sheria zimefuata. Mwaka 2006 OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ilishusha kikomo cha kromiamu ya sita hewani hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, kutoka mikrogramu 52. Umoja wa Ulaya uliweka tarehe 21 Septemba 2017 kuwa mwisho wa kutumia kromiamu trioksaidi, kemikali ya kromiamu ya sita, bila kibali maalumu. Mwaka huohuo wa 2006 kiwango cha kijeshi cha Marekani kinachoongoza utando wa aina hii, MIL-DTL-5541, kilitoka katika toleo la F likiwa na aina mbili: Aina ya I yenye kromiamu ya sita na Aina ya II isiyo nayo. Dawa nyingi za Aina ya II zenye kromiamu ya tatu zimetokana na kazi ya kituo cha jeshi la majini la Marekani cha Patuxent River, Maryland, ambacho hataza zake zimekodishwa kwa wauzaji mbalimbali.

Mfano wa mchanganyiko ulioandikwa kwenye hataza hizo ni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani: gramu 3 za kromiamu salfati ya besi na gramu 4 za potasiamu heksaflorozirkoneti kwa lita moja ya maji, pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikiwa kati ya 3.7 na 4.0. Dawa ya dukani ina viambato vya ziada na hufuata karatasi ya muuzaji wake, lakini kiini ni hicho.

Ya zamani ilikuwa ikisamehe nini

Dawa ya manjano ni kali. pH yake iko karibu na 1.5, ina floraidi, na mara nyingi ina ferisianaidi ya kuharakisha kazi. Kipande kikiingia na mabaki kidogo ya sabuni au oksaidi isiyotoka vizuri, dawa yenyewe hula uchafu huo na kuendelea kujenga utando. Tena utando ukichunwa, kromiamu ya sita iliyobaki ndani yake huyeyuka kwenye unyevu, husogea hadi kwenye mchuno na kuufunga. Karakana iliyofanya kazi miaka 20 na dawa ya namna hii hujenga mazoea yasiyoonekana: suuza moja inatosha, sabuni yoyote inafaa, pH hupimwa Jumatatu.

Dawa ya kromiamu ya tatu hufanya kazi kwa njia nyingine. Floraidi hupunguza oksaidi ya alumini, hidrojeni huanza kutoka, na katika tabaka jembamba sana la maji lililogusa chuma pH hupanda. Hapo zirkoniamu oksaidi yenye maji hutuama juu ya chuma pamoja na kromiamu hidroksaidi. Utando wote huwa na unene wa nanomita 50 hadi 100 hivi. Kwa pH ya 3.8 dawa haina nguvu ya kula mabaki ya tangi lililotangulia. Inajenga juu ya kile ilichokikuta, na ilichokikuta kikiwa silika au shaba, itajenga juu ya silika au shaba.

Hapo ndipo tofauti ya 6061 na 2024 inapoeleweka. Aloi 6061 ina shaba asilimia 0.15 hadi 0.40 tu. Aloi 2024 ina asilimia 3.8 hadi 4.9, na sehemu kubwa imekaa kama chembe za alumini, shaba na magnesi zilizotapakaa kwenye chuma. Asidi ikizigusa chembe hizo, magnesi na alumini huyeyuka kwanza, na kinachobaki ni sifongo ya shaba. Shaba nyingine huyeyuka na kurudi kutuama pembeni. Kila kidoa cha shaba ni kathodi ndogo: oksijeni huchukua elektroni pale, na alumini iliyokizunguka ndiyo inayolipa. Vitobo vyeusi kwenye sahani zetu vilianzia hapo.

Tangi kwa tangi

Tuanze na sabuni. Karakana nyingi zina sabuni ya alkali yenye silikati, kwa sababu nzuri tu: silikati huzuia alkali isile alumini. Lakini huacha utando mwembamba sana juu ya chuma, na utando huo ukikutana na asidi hugeuka jeli ya silika isiyotoka kwa maji. Dawa ya manjano iliipita. Dawa mpya haiipiti. Badilisha uweke sabuni isiyo na silikati na isiyokula chuma, nyuzijoto 50 hadi 60, dakika 5 hadi 10, kisha suuza na ufanye kipimo cha maji: inua kipande, tazama maji yanavyoshuka kwa sekunde 30. Yakishuka kama karatasi moja isiyokatika, kipande ni safi. Yakijikusanya matone au kuacha sehemu kavu, bado kuna mafuta. Ila kumbuka kwamba kipimo hiki huonyesha mafuta, hakionyeshi silikati. Kipande chenye silikati hupita kipimo cha maji kwa uzuri kabisa, na ndiyo sababu kosa hili hukaa muda mrefu bila kugunduliwa.

Tangi la pili, lile la kuondoa oksaidi, ndilo kitovu cha kisa hiki. Kwanza, liulize swali ambalo wengi wanalisahau: ndani yake kuna nini? Mapishi mengi ya zamani ya kuondoa oksaidi yana asidi ya kromiki au sodiamu daikrometi. Karakana inaweza kutangaza kwamba imeacha kromiamu ya sita huku ikichovya kila kipande ndani yake dakika chache kabla. Soma karatasi ya usalama ya kila tangi, usisome ya lile jipya peke yake.

Mbadala wa kawaida ni dawa yenye feri salfati na asidi ya salfuriki, au yenye asidi ya naitriki. Baadhi huongezwa amoniamu bifloraidi ili ziwe na meno zaidi. Kwa 2024 na 6061 tunapendelea ya feri isiyo na bifloraidi, au yenye kiasi kidogo kabisa. Bifloraidi ndani ya asidi hutoa asidi ya hidrofloriki, ambayo huingia kwenye ngozi bila kuunguza papo hapo, kisha maumivu huja baada ya saa kadhaa wakati tayari inashambulia kalisiamu ya mwili. Kuiondoa kromiamu ya sita na kuleta hiyo bila kufikiri ni kumhamisha fundi kutoka hatari moja kwenda nyingine. Inahitajika zaidi kwa aloi za kumimina zenye silikoni nyingi. Kwa vipande vya kisa hiki haina ulazima. Ikibidi itumike, jeli ya kalisiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iwe ukutani hatua chache kutoka kwenye tangi, na kila mtu wa zamu ajue inakopakwa. Isifungiwe ofisini.

Halafu kuna muda. Fundi akiona kipande hakijang'aa huongeza dakika. Kwenye 6061 hakuna madhara makubwa. Kwenye 2024 kila dakika ya ziada huyeyusha alumini na kuacha shaba juu, na uso huanza kuwa na masizi ya kijivu au meusi. Kipimo chake ni kitambaa cheupe: kipande kikishasuuzwa, kikiwa bado na maji, futa sehemu ya pembeni ya sahani ya majaribio. Kitambaa kikitoka cheusi, masizi bado yapo, na hakuna dawa ya tangi linalofuata itakayoyaondoa. Punguza muda, angalia kama feri imeshuka chini ya kiwango cha muuzaji, na pima shaba iliyoyeyuka tangini. Tangi lililochovya 2024 kwa miezi mingi hujaa shaba, na shaba hiyo hurudi kutuama kwenye kipande kinachofuata. Tangi la namna hiyo halirekebishwi kwa kuongeza asidi. Sehemu yake hutolewa na kuwekwa mpya.

Maji ya kusuuza

Hapa hesabu ndogo inaokoa fedha nyingi. Kipande kikitoka tangini hubeba dawa. Kwa sahani iliyoning'inizwa wima chukua makadirio ya mililita 100 kwa mita ya mraba. Ukichovya mita za mraba 10 kwa saa, unabeba lita 1 ya dawa kila saa. Ili kuipunguza nguvu mara 1000 kwa tangi moja la kusuuza, unahitaji lita 1000 za maji safi kila saa. Ukiweka matangi mawili, maji yakiingia kwenye la mwisho na kumwagikia la kwanza, yaani kinyume na mwendo wa vipande, unahitaji lita 32 hivi. Matangi matatu, lita 10. Karakana inayosema haina maji ya kutosha kwa dawa mpya kwa kawaida haina upungufu wa maji. Imekosa tangi moja la plastiki.

Kusuuza kati ya tangi la oksaidi na tangi la kromiamu ya tatu ndiko kunakostahili matangi mawili kabla ya kwingine kote. Asidi na salfati zinazobebwa kutoka nyuma hushusha pH ya dawa na kuivuruga, na dawa mpya haina nguvu ya kuvumilia kama ile ya zamani. Maji ya kuundia dawa na ya suuza ya mwisho yawe yaliyoondolewa chumvi. Kwenye mwambao wetu, visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vina maji ya chumvi, na kloraidi ikikauka juu ya kipande ndiyo mbegu ya kitobo. Kipima upitishaji umeme cha mkononi ni bei ndogo kuliko kundi moja la vipande vilivyokataliwa. Kwa maji ya kuundia dawa tunalenga chini ya mikrosiemensi 10 kwa sentimita.

Tangi la kromiamu ya tatu lenyewe

Tangi la polipropilini linafaa. Hita iwe ya kufunikwa kwa teflon, maana floraidi hula kwatsi na kioo. Floraidi hiyohiyo hula polepole kioo cha kichwa cha kipima pH, ndiyo maana kipimo kinachoonekana kimetulia kinaweza kuwa kinadanganya. Sahihisha kipima kila siku kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) ya 4 na ya 7, na kikianza kuchelewa kutulia, badilisha kichwa.

pH ndiyo roho ya tangi hili. Kila kipande kinapochovywa asidi kidogo hutumika na pH hupanda. Ikipita 4.1 hivi, dawa huanza kuwa na ukungu: zirkoniamu na kromiamu zinatuama ndani ya maji badala ya juu ya kipande, na zikishatuama hazirudi kwa kuongeza asidi. Kabla ya hapo, rekebisha kwa asidi ya salfuriki iliyopunguzwa hadi asilimia 5, kidogo kidogo huku ukikoroga, na subiri kabla ya kupima tena. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi. pH ikishuka mno, utando haujengeki kwa sababu chuma kinaliwa haraka kuliko kinavyofunikwa.

Dakika za kuchovya hutofautiana kwa muuzaji, nyingi zikiwa kati ya 5 na 10. Usiwaze kwamba muda mrefu ni utando bora. Utando ukizidi unene hupasuka ukikauka, kama tope la bwawa lililokauka. Ukitoka tangini ni laini, karibu kama jeli. Usuuzwe kwa maji yanayotiririka taratibu bila presha, ukaushwe kwa hewa isiyozidi nyuzijoto 60, na usishikwe kwa kidole wala glovu chafu. Sahani za majaribio hukaa saa 24 kabla ya kuingia chemba.

Kisha linakuja tatizo ambalo halina uhusiano na kemia. Utando huu hauonekani vizuri. Ile rangi ya dhahabu iliyokuwa inamwambia mkaguzi kwamba kazi imefanyika imeondoka. Sasa kuna samawati hafifu au zambarau kidogo ukiinamisha kipande kwenye mwanga, na wakati mwingine hakuna rangi kabisa. Mkaguzi aliyezoea manjano atakataa kipande kizuri au, kibaya zaidi, atakipitisha ambacho hakijachovywa. Suluhisho ni kumwekea sahani mbili mezani, moja iliyochovywa na moja isiyochovywa, za aloi ileile, na kutumia kipimo cha eksirei cha mkononi kusoma zirkoniamu na kromiamu kwenye sahani shahidi, yaani zilizochovywa pamoja na vipande, za kila kundi.

Jaribio la pili

Kurudia jaribio kwa kubadilisha kila kitu kwa mpigo hakufundishi. Panga makundi manne ya sahani 5 za 2024-T3 kutoka karatasi moja ya chuma. La kwanza lipite mstari kama ulivyokuwa. La pili libadilishiwe sabuni tu. La tatu libadilishiwe sabuni na dawa ya oksaidi, muda ukiwa mfupi na masizi yakikaguliwa kwa kitambaa. La nne liongezewe suuza mbili za maji yasiyo na chumvi. Yote yaingie chemba moja, chumvi asilimia 5, nyuzijoto 35, saa 168. Kigezo ni kilekile cha 5541: sahani isizidi vitobo 5 vilivyotengana, na kisiwepo kinachozidi kipenyo cha milimita 0.8 hivi, ukiacha kingo.

Soma umbo la uharibifu kabla ya kuhesabu. Vitobo vilivyotapakaa sahani nzima bila mpangilio vinaelekeza kwenye shaba na tangi la oksaidi. Madoa makubwa yenye mipaka, au utando unaobanduka kwa mkanda, yanaelekeza kwenye silikati na usafishaji. Uharibifu uliojipanga chini, pale maji ya mwisho yalipojikusanya kabla ya kukauka, ni suuza. Kundi la tatu likiwa bora kuliko la pili kwa mbali, kama inavyotarajiwa kwa 2024, jibu limepatikana na fedha ziende kwenye tangi la oksaidi kwanza.

Kuliondoa tangi la zamani, na hatari inayobaki

Dawa ya manjano haimwagwi. Pima kromiamu ya sita iliyomo. Tuseme ni gramu 2 kwa lita kwenye tangi la lita 1000: hiyo ni kilo 2. Shusha pH hadi kati ya 2 na 3 kwa asidi ya salfuriki, kisha ongeza sodiamu metabisalfaiti. Kwa nadharia kila kilo moja ya kromiamu ya sita inataka kilo 2.74, yaani kilo 5.5 kwa tangi hili. Kwa vitendo huhitaji zaidi. Gesi ya salfa dioksaidi hutoka, kwa hiyo fanya penye upepo na barakoa ya gesi yenye kichujio sahihi. Rangi ikigeuka kutoka manjano kuwa kijani, usiiamini rangi peke yake. Thibitisha kwa difenilkabazaidi, ambayo hugeuka zambarau kromiamu ya sita ikiwa bado ipo. Ndipo upandishe pH hadi kati ya 8 na 9, tope la kijani lituame, na lipelekwe kwa mwenye kibali cha taka hatari. Ferisianaidi iliyomo haishughulikiwi na hatua hizi, na mpokea taka lazima aambiwe kwamba ipo.

Fremu za kuning'inizia zilizofunikwa plastiki hunywa dawa ya manjano na kuitoa polepole kwa wiki nyingi. Karakana iliyobadilisha dawa na kubaki na fremu zake itakuta kromiamu ya sita kwenye tangi jipya na kudhani muuzaji ameidanganya. Nunua fremu mpya.

Lipo jambo lingine la kusemwa waziwazi. Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba kromiamu ya tatu iliyo kwenye utando juu ya 2024 inaweza kugeuka ya sita kwa kiasi kidogo na kwa muda, pale oksijeni inapozalisha haidrojeni peroksaidi juu ya chembe za shaba. Ni sababu nyingine ya kuihangaikia shaba mapema. Na kama kipande kikitoka hapo kinapuliziwa praima (rangi ya tabaka la kwanza) yenye stronti krometi, ambayo ni kromiamu ya sita, basi kromiamu ya sita imehamia chumba cha rangi, na kwa anayepiga msasa praima hiyo wakati wa ukarabati, vumbi lake ni hatari kuliko tangi lilivyokuwa. Kikomo cha mikrogramu 5 kinapimwa pale kwenye msasa, kwenye ukosi wa huyo fundi, kwa zamu nzima.